Ukiwa Mbali na Mnyama: APS-C au Fremu Kamili?

Mtu akikuambia kwamba kamera ya APS-C huigeuza lenzi ya milimita 400 kuwa ya milimita 640, mwulize hizo milimita 240 zimetoka wapi. Lenzi haijarefuka. Vioo vyake ni vilevile, na taswira ya mnyama inayotua ndani ya kamera ina ukubwa uleule, uwe umeifunga lenzi kwenye kamera ya bei ya pikipiki au ya bei ya gari. Kilichobadilika ni kihisi kinachoipokea taswira hiyo. Kihisi kidogo huona eneo dogo, na eneo hilo likitandazwa kwenye skrini ileile, mnyama anaonekana kana kwamba amesogezwa karibu.

Swali la kuchagua kati ya kamera hizi mbili huwasumbua zaidi watu wa lenzi ndefu: madereva wa utalii walioanza kupiga picha zao wenyewe, wapenda ndege, vijana wa magazeti na mitandao wanaokaa nyuma ya goli. Majibu wanayopewa ni mawili. Kuna anayesema APS-C inakufikisha mbali, na kuna anayesema fremu kamili ndiyo ya wataalamu. Yote mawili huliruka swali linaloamua: pale unapopigia picha, na kwa lenzi uliyonayo, unaweza kuijaza fremu? Ukiweza, kihisi kikubwa kina thamani ya pesa yake. Usipoweza, unalipia nyasi ambazo utazikata ukifika nyumbani.

Vipimo kwanza. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu ya zamani ya milimita 35. APS-C ya Canon ina takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Ya Nikon, Sony na Fujifilm ni kubwa kidogo, takriban 23.5 kwa 15.6. Gawa 36 kwa 22.3 utapata 1.6, gawa kwa 23.5 utapata 1.5. Huko ndiko zilikotoka zile namba za kuzidishia lenzi ambazo wauzaji wanazipenda, na hazina maana nyingine zaidi ya kueleza upana wa eneo linaloonekana.

Kujua kama utaijaza fremu ni hesabu unayoweza kuifanya kwenye simu ukiwa ndani ya gari. Chukua umbali wa mnyama kwa mita, zidisha kwa upana wa kihisi, gawa kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Tuseme una lenzi ya milimita 400 na simba yuko mita 100. Fremu kamili itachukua mita 9 kwa upana. APS-C ya Canon itachukua mita 5.6. Simba dume, ukiacha mkia, ana takriban mita 2. Kwenye fremu kamili atakalia chini ya robo ya upana wa picha, na kwenye APS-C atakalia zaidi kidogo ya theluthi. Sasa msogeze simba huyo hadi mita 30. Fremu kamili inachukua mita 2.7, mnyama anaingia mzima na anabakiwa na nafasi mbele ya uso. APS-C inachukua chini ya mita 1.7, na itabidi uirudishe zumu nyuma la sivyo umkate.

Mnyama yuleyule na lenzi ileile, umbali tu ndio umebadili kamera inayofaa. Ndiyo maana ushauri wa mtu anayepiga tembo wa Tarangire wakiwa kando ya barabara hauwezi kumsaidia anayepiga ndege wadogo kwenye matete ya Ziwa Manyara, hata kama wote wawili wanasema kweli.

Kwa mnyama aliye mbali au mdogo, kipimo cha kuangalia ni pikseli ngapi zinamwangukia yeye mwenyewe, na hapo idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi kukupa jibu. Chukua mdiria mdogo wa kando ya maji, mwenye urefu wa sentimita 13, aliyetua mita 10 kutoka kwako. Lenzi ya milimita 400 itaichora taswira yake ndani ya kamera kwa urefu wa milimita 5.2. Canon R6 Mark II, ambayo ni fremu kamili ya megapikseli 24, ina pikseli zenye upana wa mikroni 6, kwa hiyo mdiria wako atapata takriban pikseli 870 kutoka mdomo hadi mkia. Canon R7, ambayo ni APS-C ya megapikseli 32.5, ina pikseli za mikroni 3.2 hivi, na mdiria huyohuyo atapata takriban pikseli 1,600. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho: ni tofauti ya kuona nyuzi za manyoya au kuona rangi ya manyoya tu. Kamera zote mbili zilitoka mwaka 2022, na ya bei ndogo ndiyo iliyoshinda.

Lakini haikushinda kwa sababu ni APS-C. Imeshinda kwa sababu pikseli zake zimebanana zaidi. Iweke Canon R5 hapo, fremu kamili ya megapikseli 45 yenye pikseli za mikroni 4.4, na mdiria atapata takriban pikseli 1,180. Kwa Nikon mfano ni wazi zaidi. D500 ya mwaka 2016 ni APS-C ya megapikseli 20.9. D850 ya mwaka 2017 ni fremu kamili ya megapikseli 45.7. Ukiikata picha ya D850 hadi eneo la APS-C, unabaki na megapikseli 19 na kidogo. Yaani ndani ya D850 kuna D500 karibu nzima, na juu yake umepewa eneo la pembeni linalokusaidia kumtafuta ndege anaporuka na kutomkata mbawa. Sony nao wana jozi kama hiyo: A7R V ya megapikseli 61 ikikatwa hutoa megapikseli 26, sawasawa na APS-C yao ya a6700.

Kwa hiyo fremu kamili ya megapikseli nyingi ni kamera mbili kwa pamoja, na mwenye uwezo wa kuinunua bila kuigusa bajeti ya lenzi hana haja ya kuumiza kichwa. Wengi wetu hatuna uwezo huo. Uamuzi halisi kwa wengi uko kati ya APS-C nzuri na fremu kamili ya megapikseli 20 hadi 24, na hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu fremu kamili ya aina hiyo ikikatwa hadi eneo la APS-C ya Canon hubaki na megapikseli 9 tu au pungufu.

Naongeza jambo moja hapohapo, kwa sababu namba 9 huwatisha watu bure. Megapikseli 9 zenye picha kali ni pikseli 3,750 kwa upana, zinazotosha kuchapa ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa jarida, na ni nyingi mno kwa WhatsApp au Instagram. Kama picha zako mwisho wake ni simu za watu, tofauti kati ya kamera hizi ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa juu yake. Hitaji la pikseli nyingi huja pale unapokata zaidi, unapouza picha za kutundika ukutani, au unapotaka kumtambua ndege kwa alama ndogo za usoni.

Sasa mwanga. Hapa ndipo watu wa fremu kamili wana hoja yenye nguvu, na ni haki kuipa nafasi yake.

Kwa mpangilio uleule wa shata na tundu la lenzi, kila milimita ya mraba ya kihisi hupokea mwanga uleule, iwe kamera kubwa au ndogo. Fremu kamili ina milimita za mraba 864. APS-C ya Canon ina kama 332. Kwa hiyo picha nzima ya fremu kamili imejengwa kwa mwanga zaidi ya mara mbili na nusu, na mwanga mwingi ndio unaopunguza chenga. Kwa lugha ya wapiga picha ni faida ya hatua moja na theluthi hivi: picha ya ISO 6400 kwenye fremu kamili inakaribiana na ya ISO 2500 kwenye APS-C. Chui anaposhuka kwenye mgunga magharibi, wewe uko na shata ya 1/250 na lenzi yenye f/6.3, hatua hiyo ndiyo inayotenganisha picha ya kuuza na picha ya kumbukumbu.

Faida hiyo ipo kwa sharti moja: uwe umeujaza ule upana wote. Ukipiga ukiwa mbali kisha ukakata hadi eneo la APS-C, umeutupa mwanga ulioangukia nje ya eneo hilo, na kilichobaki ni kilekile ambacho mwenye APS-C alipata akiwa amesimama kando yako. Mwanga unaotoka kwa mnyama hauongezwi na kihisi. Unaongezwa na upana wa tundu la mbele la lenzi, au na miguu yako kama unaruhusiwa kusogea. Gawa urefu wa fokasi kwa namba ya f ulipate tundu hilo: milimita 400 kwa f/5.6 ni milimita 71; milimita 600 kwa f/6.3 ni milimita 95. Lenzi ya pili inakusanya kutoka kwa mnyama yuleyule mwanga karibu mara 1.8 ya ile ya kwanza. Hakuna kihisi cha kununua kitakachokupa hicho.

Kwa njia hiyohiyo utaielewa telekonveta, kile kioo cha ziada kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Telekonveta ya 1.4 inaigeuza lenzi ya milimita 400 f/5.6 kuwa milimita 560 f/8, na tundu linabaki lilelile la milimita 71. Hujaongeza mwanga wa mnyama, umeitandaza tu taswira yake juu ya pikseli nyingi zaidi, na kioo kilichoongezwa kinapunguza ukali kidogo. Kwa hiyo mwenye fremu kamili na telekonveta, na mwenye APS-C asiye nayo, wanakaribiana sana kwa chenga na kwa kufifia kwa mandharinyuma. Mwenye fremu kamili anabaki na uhuru wa kuivua telekonveta mnyama akisogea. Huo uhuru una thamani. Usiuchanganye na uwezo wa kufika mbali.

Basi kabla ya kutoa pesa, kachunguze picha ulizokwisha kupiga. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko ushauri wa mtu yeyote, pamoja na huu wangu. Fungua zile ulizozipenda, zilizokwisha kukatwa na kusafishwa, na utazame mambo mawili kwa kila moja: upana uliobaki baada ya kukata, na ISO.

Kama sasa unatumia fremu kamili na picha zako nyingi zimebaki na chini ya theluthi mbili ya upana wa awali, basi APS-C ingezibeba zote bila kupoteza chochote, na ingempa mnyama pikseli zaidi. Kamera ya pikseli 6,000 kwa upana ina mpaka wake kwenye 4,000 (3,750 kwa Canon). Hesabu ni picha ngapi ziko chini ya hapo. Kama unatumia APS-C na umekata karibu kila picha, kuhamia fremu kamili kwa lenzi ileile kutakurudisha nyuma. Unachohitaji ni lenzi ndefu zaidi. Kama unatumia APS-C na picha zako nyingi hazikukatwa, tena mara kwa mara umekuwa ukirudisha zumu nyuma, na ISO zimejaa 3200, 6400 na zaidi, hapo kihisi kikubwa kitakulipa kuanzia jioni ya kwanza.

Angalia pia urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye taarifa za faili. Lenzi ya 100-400 ambayo imetumiwa daima kwenye 400 inakuambia kitu. Ile iliyotumiwa kati ya 180 na 300 inakuambia kingine.

Mahali unapofanyia kazi pana nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa sababu ya sheria za hifadhi. Katikati ya Serengeti, eneo la Seronera, huruhusiwi kutoka nje ya barabara. Chui akilala kwenye mti mita 120 ndani, mita 120 ndiyo yako na hakuna dereva mwaminifu atakayekupunguzia. Ndani ya kreta ya Ngorongoro ni vivyo hivyo, na faru mara nyingi huonekana kwa mamia ya mita. Kwa faru wa mita 300, lenzi ya 400 kwenye fremu kamili inachukua upana wa mita 27, na kwenye APS-C karibu mita 17. Zote ni picha za mandhari yenye faru ndani yake, na ni busara kuzitunga hivyo. Mtu wa maeneo haya, anayependa wanyama wa mbali na ndege, APS-C inamfaa sana.

Hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara, ambako magari huruhusiwa kutoka barabarani kwa masharti, ni habari nyingine. Huko unaweza kuwa mita 25 kutoka kwa duma asubuhi kabla jua halijapanda, mwanga ukiwa mdogo na mnyama akiwa amejaa kwenye fremu. Hapo fremu kamili na lenzi ya 100-400 au 100-500 inatosha kabisa, na rangi za alfajiri zinatoka safi. Boti za Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Nyerere, ziko katikati: mamba na viboko wako karibu, ndege wako mbali, na boti inayumba kiasi kwamba shata haipaswi kushuka chini ya 1/1000 hata kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko.

Mpira wa usiku unastahili maneno yake. Chini ya taa za uwanja, mchezaji anayekimbia anahitaji shata ya 1/1000. Kwa f/2.8 unaweza ukatoka na ISO 3200, kwa f/5.6 mwanga umeshuka mara nne, na ISO inapanda hadi 12,800. Vijana wengi hapa hununua fremu kamili halafu wanaifunga lenzi ya f/5.6, na faida yote ya kihisi inaliwa na lenzi. APS-C yenye 70-200 f/2.8 iliyotumika itawashinda katika eneo la goli la karibu. Fremu kamili huanza kutawala ukiwa na 300 au 400 ya f/2.8, na hizo ni lenzi ambazo mara nyingi hununuliwa na ofisi.

Nimefika kwenye lenzi, na ningependa wasomaji wengi wangeanzia hapa. R7 ilipotoka iliuzwa dola 1,499 huko Marekani, na R6 Mark II dola 2,499. Tofauti ni dola 1,000. Lenzi ya Canon RF 100-400 f/5.6-8, yenye uzito wa gramu 635 tu, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 649. Kwa pesa ya fremu kamili bila lenzi, mtu angeweza kutoka dukani na APS-C, lenzi ndefu, memori kadi na betri ya akiba, akaanza kazi kesho yake. Nina msimamo hapa: kwa mtu anayeanza kupiga wanyama au ndege kwa pesa yake mwenyewe, nunua APS-C na uimalize bajeti kwenye lenzi. Lenzi nzuri utaihamishia kwenye fremu kamili baadaye, mradi si zile zilizotengenezwa kwa APS-C peke yake, kama RF-S za Canon au DX za Nikon, ambazo hazilifuniki eneo la kihisi kikubwa.

Usidanganywe na hoja ya uzito pia. R7 ina gramu 612 pamoja na betri na kadi. R6 Mark II ina gramu 670. Mkono unachoshwa na lenzi. Sigma 150-600 Contemporary ina karibu kilo 2, Sony 200-600 imezidi kidogo hapo, na Canon EF 600 f/4 ya toleo la tatu ina kilo 3. APS-C ni nyepesi pale tu inapokuruhusu kubeba lenzi fupi.

Kuna mitego miwili ya kiufundi inayowahusu hasa watu wa APS-C. Wa kwanza ni pikseli ndogo pamoja na tundu dogo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa f/11 kila nukta kali inakuwa duara la mikroni kama 15, wakati pikseli za R7 ni mikroni 3.2. Kwa hiyo kuifunga lenzi ya RF 800 f/11 kwenye kamera hiyo ukitarajia pikseli zake zote zifanye kazi ni kujidai zaidi ya fizikia inavyoruhusu. Baki f/8 au chini yake pale unapoweza. Wa pili ni shata ya kielektroniki. Kwenye vihisi visivyosomwa haraka, cha R7 kikiwa kimojawapo, mabawa ya ndege anayeruka hupinda kwa sababu mstari wa chini husomwa baada ya ule wa juu. Tumia shata ya mitambo, ambayo kwenye kamera hiyo inatoa picha 15 kwa sekunde, zinazotosha kwa ndege yeyote.

Pikseli zilizobanana zinadai nidhamu pia. Kanuni ya zamani ya kuweka shata sawa na urefu wa lenzi, 1/400 kwa lenzi ya 400, haitoshi. Ongeza walau mara moja na nusu ukishika kwa mkono, na kwa ndege anayeruka anzia 1/2500. Zima injini ya gari kabla ya kupiga, waombe walio nyuma wasisogee, na uweke mfuko wa maharage au mchele kwenye ukingo wa dirisha. Mfuko huo unasaidia ukali wa picha kuliko kupanda daraja moja la kamera, na unapatikana sokoni Mto wa Mbu kwa bei ya maharage yenyewe.

Kisha kuna mazigazi, adui mkubwa wa lenzi ndefu katika nyika zetu. Kuanzia kama saa 3 au saa 4 asubuhi ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hucheza na kupindisha mwanga, na mnyama wa mita 150 hutoka kama amechorwa kwenye maji. Watu huilaumu fokasi, huilaumu lenzi, huirudisha kamera dukani. Hakuna kihisi kinachorekebisha hewa. Geti likifunguliwa saa 12 asubuhi uwe mlangoni, na mchana wa jua kali piga wanyama walio karibu tu. Ukilazimika kupiga kutoka ndani ya gari lililokuwa limefungwa, fungua dirisha na usubiri hewa ya ndani na ya nje zilingane, kwa sababu mazigazi hutokea hata hapo dirishani.

Kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika, Kariakoo, Nairobi au kwa mtalii anayerudi kwao, ikague lenzi kwa makini kuliko kamera. Imulike kwa tochi ya simu ukitazama kutoka upande wa pili: kuvu huonekana kama utando wa buibui, na lenzi zilizokaa Zanzibar, Tanga au Mombasa bila kuhifadhiwa pakavu hupata kuvu mara kwa mara. Zungusha zumu polepole, usikilize mchanga. Kwenye kamera, uliza idadi ya mara ambazo shata imefunguka, halafu piga anga tupu kwa f/16 utazame vumbi na mikwaruzo ya kihisi.

Ukipata nafasi ya kuzishika kamera zote mbili kwa wakati mmoja, zijaribu kwa lenzi ileile na ukiwa umesimama palepale. Tafuta maandishi madogo ng'ambo ya barabara, bango au namba ya gari lililoegeshwa, uyapige kwa kila kamera ukiwa umeegemea ukuta. Kisha sogea uyapige tena kwa karibu, mpaka kila kamera imejaa sawasawa, kwa ISO 6400. Nyumbani zikate picha za mbali zionyeshe eneo moja, uzipunguze zote zifikie ukubwa mmoja, uziweke kando kwa kando. Usizitazame kwa asilimia 100 kila moja peke yake. Kwa namna hiyo kamera yenye pikseli nyingi daima itaonekana ina chenga zaidi, kwa sababu unaikuza kuliko mwenzake.